Kupanda Milima na Kutazama Nyama wa Pori

Watoto wa Kivu wanazaliwa katikati ya milima. Asubuhi wanaiona, jioni wanaiona. Wanatelemka bondeni kuteka maji, wanapanda tena na ndoo kichwani. Kwa hiyo wengi wanafikiri kwamba mlima ni kitu cha kuchosha miguu tu. Mgeni akitoka mbali na kusema: «Nataka kupanda mlima ule,» wao wanamwuliza: «Unatafuta nini huko juu? Mbuzi wako amepotea?»

Mgeni hana mbuzi. Anataka kutazama nchi, kusikia ndege, kuona nyama wa pori wakila na kucheza. Watu wengi wa dunia wanatumia feza nyingi kwa kazi hiyo, nao wanarudi kwao wenye furaha. Sisi tunaokaa hapa hatuna haja ya ndege wala ya meli. Tuna haja ya macho, na ya akili kidogo. Maana mlimani na porini kuna mambo mazuri mengi, na kuna mambo ya kuua pia. Mtu asiyeyajua afadhali akae nyumbani kwake.

Basi tutazame nchi ya Virunga, kaskazini ya mji wa Goma. Hapo pana parki kubwa, maana yake pori ambalo sheria inakataza kulima, kuwinda na kukata miti ndani yake. Parki hiyo ilianzishwa tarehe 21 ya mwezi wa 4, mwaka 1925, nayo ndiyo parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. Zamani iliitwa kwa jina la Albert, mfalme wa Wabeleji; tangu 1969 inaitwa Virunga. Urefu wake ni karibu kilometa 300, kutoka milima ya Goma mpaka theluji ya Ruwenzori. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 7800 hivi. Upande wa chini kabisa, katika bonde la mto Semliki, nchi haifiki meta 700 juu ya bahari. Upande wa juu kabisa, kilele cha Margherita kinafika meta 5109. Katika Afrika yote ni Kilimanjaro na mlima Kenya tu inayopita kilele hicho.

Kwa sababu gani nchi moja ina mabonde namna hiyo na milima namna hiyo? Kwa sababu ardhi imepasuka. Toka Ziwa Tanganika mpaka Ziwa Albert kuna bonde refu sana, ambamo ardhi ilivunjika na kushuka, na kando zake zikainuka. Maji yakajaa mahali pa chini: ndiyo maziwa yetu, Tanganika, Kivu, Edward na Albert. Tena penye nyufa moto wa chini ya ardhi ukapata njia ya kutoka. Ndiyo milima yetu ya moto.

Sasa tuanze kupanda.

Mtu asiyezoea anaanza kwa mbio. Baada ya nusu saa amekaa chini, anahema kama mbwa. Mzee wa milimani anakwenda polepole tangu hatua ya kwanza, hatua fupi, kisigino chote chini, wala habadili mwendo. Ukiweza kusema maneno matano bila kukatika pumzi, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa, punguza. Huko juu hewa ni chache; kifua kinafanya kazi zaidi kupata ileile uliyoizoea bondeni. Kichwa kikiuma sana, ukatapika, dawa ni moja: kushuka.

Jambo la pili ni baridi. Kila meta 1000 unazopanda, joto linapungua karibu digri 6. Fanya hesabu. Goma ni kando ya Ziwa Kivu, meta 1460 juu ya bahari. Kilele cha Nyiragongo ni meta 3470. Tofauti ni meta 2010. Basi mtu anayetoka Goma mchana, kwenye joto la digri 22, atakuta digri 10 huko juu, na usiku itapungua tena. Ikinyesha mvua na upepo ukivuma juu ya nguo zilizolowa, mtu anaweza kufa kwa baridi, hata karibu na mstari wa ikweta! Kwa hiyo wapandaji wanabeba nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, nao hawaivai mpaka watakapofika.

Tena wasichukue maharagwe ya kupika. Wanafunzi wanacheka nikisema hivyo, lakini ni kweli. Bondeni maji yanachemka karibu na digri 100. Huko juu, kwa sababu hewa haikandamizi maji sana, yanachemka kwenye digri 88 tu. Chungu kinatokota vizuri, mvuke unatoka, na maharagwe yanabaki magumu mpaka usiku wa manane. Mkate, ndizi na karanga ni bora.

Nyiragongo ni mlima wa moto. Njia ya kuupanda inaanzia Kibati, kijiji cha barabara ya Rutshuru. Kwa miaka mingi, kabla ya mlipuko wa 2021, wageni walipanda hapo pamoja na walinzi wa parki na wachukuzi wa mizigo. Ilikuwa safari ya saa tano hivi. Kwanza msitu, halafu mawe meusi ya lava, yanayozunguka chini ya mguu kama viazi vilivyomwagika. Baadaye miti inapungua, vichaka vinabaki, na mwishoni ni mwamba mtupu. Kule juu mtu anasimama ukingoni mwa shimo kubwa, upana wake zaidi ya kilometa moja. Ndani yake mara nyingi kulikuwa na ziwa la mawe yaliyoyeyuka, jekundu, linalonguruma. Usiku mawingu ya juu yake yanakuwa mekundu, na watu wa Goma wanayaona toka nyumbani kwao.

Lava ya Nyiragongo si kama ya milima mingine. Mahali pengi lava ni nzito kama bugali, inasogea polepole, mtu aweza kuikimbia kwa miguu. Ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Tarehe 10 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1977, ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Karibu na mlima lava ilikwenda mbio kama motokari. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, mwaka 2002, nyufa zilifunguka tena kuelekea Goma. Lava ikapita katikati ya mji, ikaharibu kanisa kubwa la askofu na nyumba nyingi sana, ikaingia ziwani. Watu karibu 400000 walikimbia. Tarehe 22 ya mwezi wa 5, mwaka 2021, jioni, mlima ulipasuka mara nyingine. Lava ikachoma vijiji ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Leo ukiingia Goma utaona nyumba na kuta za mawe meusi. Watu wamejenga kwa jiwe lilelile lililobomoa nyumba za baba zao.

Kuna hatari nyingine ambayo haina sauti wala rangi, nayo inaua watu kuliko wanavyofikiri. Jina lake ni mazuku. Kila mtoto anayekaa kati ya Goma na Sake apaswa kulijua neno hilo kama anavyojua jina lake.

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka katika nyufa za ardhi ya lava. Ni ileile tunayoitoa kifuani tunapopumua, lakini inatoka nyingi mno. Ni nzito kupita hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi juu, inatelemka na kulala mashimoni na katika mabonde madogo, kama vile maji yanavyojaa kwenye bakuli. Huioni. Usiku na alfajiri, kama hakuna upepo, bakuli linajaa. Mchana upepo ukivuma inatawanyika, na mahali panaonekana pazuri, penye majani mabichi. Mbuzi anashuka kula majani hayo. Kichwa chake ki karibu na ardhi, basi anaanguka. Mtoto anaona mbuzi wake ameanguka, anashuka kumwinua. Anainama. Naye anaanguka. Mama yake anakuja mbio kumwinua mtoto.

Hivi ndivyo watu wawili au watatu wanavyokufa mahali pamoja. Ukiona shimoni ndege waliokufa, panya, chura, wadudu wengi, wala hawana jeraha, usishuke. Ukiona mtu ameanguka humo, usishuke. Piga kelele, waite watu wakubwa waje na kamba. Mtu mzima akisimama aweza kupita mahali ambapo mtoto atakufa, kwa sababu pua yake iko juu zaidi. Kwa hiyo usiseme: «Baba alipita hapa jana.»

Juu ya radi nitasema maneno machache. Watu waliopima umeme wa mawingu kwa setilaiti wamekuta kwamba mashariki ya Kongo ni mojawapo ya mahali panapopigwa na radi zaidi katika dunia nzima. Mawingu yanakusanyika mchana. Kwa hiyo mpandaji mwenye akili anaondoka alfajiri, na saa nane ya mchana amekwisha kushuka au yuko ndani ya nyumba. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie sauti. Sekunde 3 ni kilometa 1. Ukihesabu 9, radi iko kilometa 3, nawe huna nafasi kubwa. Toka mgongoni mwa mlima, usisimame chini ya mti ulio peke yake, chuchumaa mahali pa chini, miguu pamoja.

Anayependa kuona majani na miti aende Ruwenzori, kwa njia ya Mutwanga, wakati nchi ina amani. Mlima huo ni kama nyumba ya orofa nyingi, na kila orofa ina wenyeji wake. Chini ni mashamba ya mihogo na kahawa. Halafu msitu mnene. Halafu mianzi, imesongamana hata jua halifiki chini. Kisha unaingia mahali pa ajabu: mimea ambayo katika nchi nyingine ni vichaka vya kufika magotini, hapo ni miti mikubwa yenye ndevu ndefu za kuvumwani, na chini ni tope la kuzamisha mguu mpaka gotini. Juu zaidi kuna mimea inayofanana na kabichi kubwa zilizowekwa juu ya nguzo. Kila jioni inafunga majani yake kama mtu anayejifunika blanketi, ili baridi ya usiku isiue chipukizi la ndani. Asubuhi inafungua tena. Orofa ya mwisho ni mwamba na barafu. Lakini barafu hiyo inakwisha. Mwaka 1906, watu walipofika kileleni mara ya kwanza, ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 6. Mwaka 2003 haikufika hata kilometa moja ya mraba, nayo imezidi kupungua, kwa sababu dunia inazidi kupata joto.

Tuje sasa kwa nyama.

Kutazama nyama ni kazi ya kukaa kimya. Mtoto anayezunguka na kupayuka ataona mikia tu. Nenda asubuhi mapema au jioni, maana wakati wa jua kali nyama wamelala. Usivae nguo nyeupe wala nyekundu. Zaidi ya yote, jua upepo unatoka wapi. Chukua vumbi kidogo au majivu mkononi, uyaachie yaanguke. Yakikurudia usoni, vizuri, nyama walio mbele yako hawatakunusa. Yakienda mbele, wamekwisha kujua kwamba uko, na pengine wamejua hata ulikula nini. Zunguka, uje kwa upande mwingine.

Usipoona nyama mwenyewe, soma nyayo zake. Nyayo ni maandiko, na tope ni ubao. Chui na simba wanaficha kucha wanapotembea, kwa hiyo alama ya kucha haionekani. Fisi na mbwa wanazionyesha. Kiboko ana vidole vinne. Nyati ana kwato mbili pana. Tembo anaacha duara kubwa, na hapo kuna hesabu nzuri: zungusha kamba kandokando ya alama ya mguu wake wa mbele, pima kamba, zidisha kwa mbili. Hesabu utakayopata ni karibu kimo cha tembo huyo mpaka begani. Kamba ikiwa meta 1 na nusu, tembo ana meta 3. Ndipo utaamua kama unataka kumfuata.

Wageni wengi wanauliza simba yuko wapi. Kwangu mimi, kiboko ni nyama wa ajabu kuliko simba, na kwa watu wetu ni wa faida kubwa zaidi. Sikilizeni kwa nini.

Mchana kiboko anakaa majini, kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Macho, masikio na pua viko juu kabisa ya kichwa chake, hata aweza kujificha majini na kuona kila kitu. Jua likishuka anatoka, anapita katika njia yake ya siku zote, anakwenda kula majani nchi kavu, kadiri ya kilo 40 kwa usiku mmoja. Alfajiri anarudi majini. Na majani yale aliyoyala? Anayatoa majini, kama mavi. Usicheke. Mavi hayo ni mbolea. Yanalisha mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo na wadudu wadogo wa majini ni chakula cha tilapia. Tilapia ni chakula cha watu wa Vitshumbi na Kyavinyonge, vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Edward, na wa mama wanaonunua samaki sokoni Butembo na Goma. Kiboko ni mchukuzi: kila usiku anachukua majani nchi kavu na kuyapeleka ziwani, wala hadai mshahara.

Karibu mwaka 1975 viboko wa parki walikuwa karibu 27000. Hakuna mahali pengine katika dunia palipokuwa na viboko wengi namna hiyo. Kisha vita vikaja, na watu wenye bunduki wakaanza kuwaua, wakauza nyama yao na meno yao. Mwaka 2005, walipohesabiwa kutoka angani, hawakufika hata 1000. Na wavuvi wakaona nyavu zao zinarudi nyepesi. Nyavu zenye matundu madogo, zinazokamata hata watoto wa samaki, zilileta hasara pia. Lakini mbolea ilikuwa imekatika. Aliyekula nyama ya kiboko siku moja alikula samaki wa miaka mingi.

Ukienda kumtazama, usisimame kamwe kati yake na maji. Kiboko akiogopa, wazo lake ni moja tu, kurudi majini, naye ana mbio kupita mtu. Njia zake za kando ya mto zijulikane, watoto wasipite humo usiku.

Mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward panaitwa Ishango. Ndege wa maji ni wengi ajabu pale. Hapo, mwaka 1950, Mbeleji mmoja jina lake Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizokatwa kwa jiwe, zimepangwa kwa mafungu. Una umri wa miaka karibu 20000. Wataalamu wengi wanafikiri ni hesabu ya mtu wa zamani, ingawa hawapatani alihesabu nini. Mfupa huo uko Bruxelles. Nimeuweka hapa, ingawa si nyama wala mlima, kwa ajili ya wanafunzi wanaosema kwamba hesabu zililetwa na Wazungu.

Kusini ya parki, juu ya milima ya Mikeno na Karisimbi, wanakaa gorila wa milimani. Wenye kusema Kinyarwanda wanawaita ingagi. Wanakaa kwa jamaa. Baba wa jamaa ana mgongo wenye nywele nyeupe kama feza. Yeye ndiye anayeamua saa ya kuondoka, mahali pa kula, mahali pa kulala. Uzito wake unapita watu wawili wakubwa, naye hali nyama ya wenzake: anakula majani, mashina laini na machipukizi ya mianzi. Akipiga kifua chake, anapiga kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe, na sauti inafika mbali. Mara nyingi ni maneno ya kusema: «Niko hapa, kaa huko.» Mtu akikimbia, amekosa. Inama, usimkazie macho, kaa kimya, naye ataendelea kula.

Kila jioni kila gorila anajitengenezea kitanda kipya cha majani. Mtoto mdogo tu analala na mama yake. Ndivyo wanavyohesabiwa. Wahesabuji hawana haja ya kuwaona. Wanafuata njia yao, wanakuta vitanda vya jana, wanavihesabu, na kuokota mavi ili kujua ni yupi na yupi. Walinzi wanawajua pia kwa pua, maana mikunjo ya juu ya pua hailingani kwa gorila wawili. Mwaka 1981, katika milima ya Virunga ya Kongo, Rwanda na Uganda pamoja, hesabu ilionyesha gorila 254. Hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilikuta 604. Kati ya nyama wakubwa ambao walikuwa karibu kwisha, ni wachache walioongezeka hivyo.

Hatari yao kubwa si bunduki tu. Gorila anafanana nasi sana, hata magonjwa yetu yanamshika. Mafua ambayo kwako ni kamasi ya siku tatu, yaweza kuua mtoto wa gorila. Kwa hiyo sheria ni kali: mwenye kikohozi haendi, wanaokwenda wanafunika mdomo na pua, hawakaribii, wanakaa saa moja tu, na mtoto asiyetimiza miaka 15 haruhusiwi. Mtakasirika kwa sheria hii ya mwisho, lakini watoto ndio wenye mafua mengi.

Na makala je? Makala yanahusu nini na gorila? Miti ya msitu wa parki inakatwa, inachomwa kwa siri, na makala yanashushwa mjini kwa magunia. Kila jiko la Goma lina haja ya makala, na si kosa la mama anayepikia watoto wake sombe. Lakini wenye biashara hiyo ni wakubwa, wenye silaha. Mwezi wa 7, mwaka 2007, gorila kadhaa wa jamaa iitwayo Rugendo walipigwa risasi, wala hawakuchukuliwa nyama wala mikono. Hawakuuawa kwa njaa. Watu wengi waliona kwamba wauzaji wa makala walitaka kutisha walinzi.

Walinzi hawa, wengi wao ni watoto wa vijiji vya kandokando. Zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa wakiwa kazini. Tarehe 24 ya mwezi wa 4, mwaka 2020, walinzi 12 walikufa siku moja, karibu na Rumangabo, pamoja na dereva na raia wanne. Mashambani watu wengine wanasema kwamba parki inapendelea nyama kuliko watu, kwa sababu tembo anakula mahindi ya mtu na mwenye shamba halipwi. Neno hilo lina sababu, nalo linapaswa kusikilizwa. Lakini wajane wa walinzi ni watu pia.

Katika miaka ya vita safari ya parki haiwezekani kwa wanafunzi. Sawa. Kuna nyama anayekuja kwenu yeye mwenyewe, bila tiketi na bila mlinzi.

Ni mbayuwayu. Wako wa aina mbili. Wengine ni wenyeji. Wanajenga viota vya udongo chini ya paa, na wanakaa. Wengine ni wageni kutoka Ulaya. Wanafika karibu na mwezi wa 9 au wa 10, wakati baridi inapoanza kwao na wadudu wanakwisha. Wamevuka bahari, wamevuka jangwa la Sahara, na uzito wa mmoja ni gramu 20 tu. Hawajengi kiota hapa. Wanakula wadudu juu ya malisho yetu, wanakunywa maji wakiruka, na kufika mwezi wa 3 au wa 4 wanakusanyika na kurudi kaskazini.

Kata ukurasa mmoja katika daftari lako. Juu yake andika mwaka. Siku utakayoona kundi la kwanza la mbayuwayu wasiojenga kiota, andika tarehe, saa, hali ya mvua, na upande walikotoka. Siku ya mwisho ya kuwaona, andika tena. Mwaka unaofuata ufanye vilevile, na mwaka wa tatu vilevile. Ndipo utakuwa na jambo moja juu ya kijiji chako ambalo halimo katika kitabu hiki, wala mwalimu wako halijui.